Leseni Ikiisha, Mbunifu Majengo Anabaki na Nini?

Julai 2020, ofisi kadhaa kubwa za usanifu majengo za Uingereza, zikiwemo Zaha Hadid Architects, Grimshaw na Rogers Stirk Harbour + Partners, zilimwandikia barua ya wazi Andrew Anagnost, mkuu wa kampuni ya Autodesk. Hoja yao ilikuwa ya watu waliokaa wakapiga hesabu: gharama za kutumia Revit, programu ya Autodesk ya kuchorea majengo, zinapanda mwaka hadi mwaka, na programu yenyewe haibadiliki kiasi cha kuendana na bei hiyo. Anagnost alijibu hadharani, akakiri kwamba upande wa usanifu ndani ya Revit haukuendelezwa kwa kasi kama pande nyingine. Baada ya hapo bili zikaendelea kuja kama kawaida.

Wengi waliisoma barua ile kama ugomvi wa bei. Mimi naona jambo zito zaidi. Ofisi zenye majina dunia nzima, zenye wanasheria na wahasibu wao, zilijikuta hazina pa kukimbilia, kwa sababu kazi zao za miaka mingi zimo ndani ya mafaili ambayo programu moja tu ndiyo inayafungua sawasawa. Kama wao wamebanwa hivyo, ofisi ya watu wanne pale Sinza au Nakuru ina ubavu gani?

Tukumbushane tulikotoka. Revit ilizaliwa katika kampuni ndogo ya Massachusetts, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua kampuni hiyo mwaka 2002 kwa dola milioni 133. Archicad, mshindani wake, ni kongwe zaidi: Graphisoft ya Budapest ilikuwa ikihubiri habari za jengo zima ndani ya kompyuta tangu miaka ya 1980. Kwa muda mrefu ulinunua programu mara moja ikawa yako, ukitaka toleo jipya unaongeza hela, usipotaka unabaki na la zamani na hakuna anayekusumbua. Autodesk ilifunga mlango huo mwaka 2016. Vectorworks, kampuni nyingine ya programu za kuchorea, na Graphisoft zikafuata njia ileile. Sasa sote ni wapangaji, na mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ndiyo maana mjadala usiokwisha wa "Revit au Archicad?" naona umepitwa. Zote mbili zinatoa michoro mizuri. Zote mbili ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa shilingi na kukatwa leseni kwa dola au yuro. Swali lenye maana kwa ofisi ndogo ni hili: siku utakayoshindwa kulipa, au utakayoamua kuhama, utaondoka na nini mkononi? Kwa maoni yangu vipo vitu viwili tu vya thamani, kiolezo chako, yaani faili la kuanzia lenye mipangilio yako, na modeli, yaani jengo lililochorwa ndani ya kompyuta, inayofunguka kwingine, na ofisi nyingi hazina hata kimoja.

Nianze na kiolezo, maana hapo ndipo penye uzembe mkubwa. Mtu analipia leseni ya mwaka mzima, anaifungua, anaanza kuchora juu ya kiolezo kilichokuja na programu. Kiolezo hicho kiliandaliwa na watu wenye ujenzi wao. Kuta zake ni fremu za mbao au chuma zilizofunikwa bodi, au matofali safu mbili yenye uwazi na sufi ya kuzuia baridi katikati. Huku kwetu ukuta ni tofali la nchi sita, plasta pande zote mbili, basi. Hiyo ni milimita 150 za tofali na 15 hivi za plasta kila upande, jumla 180. Ukichora na ukuta wa jumla wa milimita 200 kwa sababu ndio ulioukuta, umekula sentimita mbili kwa kila ukuta, na choo kitakachotosha saiti kitaonekana kimebana kwenye karatasi. Fundi atakwambia ramani yako ina kasoro, na atakuwa sahihi.

Kuna hili la jua, ambalo nalikuta hata kwenye kazi za watu wenye uzoefu. Ukifungua mradi mpya ndani ya Revit, mara nyingi mahali pa mradi panasomeka Boston, Marekani. Usipobadilisha, kila picha ya kivuli utakayompelekea mteja ni ya jua la Boston, latitudo 42 kaskazini, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua letu la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha linahamia kusini kwa miezi iliyobaki. Mbunifu aliyeamini picha ya programu ataweka vizuia jua vizuri kabisa upande wa kusini na kuacha madirisha ya kaskazini wazi, na mwenye nyumba atanunua kiyoyozi cha ziada bila kujua anailipia Boston. Kubadilisha mahali ni suala la dakika moja. Liwekwe kwenye kiolezo, lisitegemee kumbukumbu ya mtu.

Halafu koordineti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo simu ninayopigiwa zaidi na vijana. Mpima ardhi anakuletea faili la kiwanja kwenye UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita ndani ya kanda. Kwa Dar es Salaam namba ya kaskazini inakuwa karibu milioni 9.25, kwa kuwa katika nusu ya kusini ya dunia hesabu inaanzia milioni 10 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyoshuka. Revit inataka jengo liwe ndani ya kilomita 16 hivi kutoka kwenye chanzo chake cha ndani. Ukiliingiza faili la mpima kwa koordineti zake kama zilivyo, programu inaona kiwanja kiko zaidi ya kilomita elfu tisa kutoka hapo. Matokeo yake ni mistari inayochezacheza, duara linalogeuka pembe, hachi zinazokataa kujaza, na onyo ambalo wengi wanalifunga bila kulisoma.

Dawa inajulikana. Kiwanja kikae kwenye faili lake peke yake. Liunganishe na mradi kwa kuliweka katikati, si kwa chanzo chake, kisha tumia amri ya Acquire Coordinates ili modeli ijue ilipo duniani huku jengo likibaki karibu na chanzo cha ndani. Kwenye Archicad za karibuni kazi hiyo inafanywa na Survey Point. Wakati huohuo muulize mpima maswali mawili kabla hajaondoka. La kwanza, ni kanda gani? Dar, Mombasa, Nairobi na Arusha ziko kanda ya 37 Kusini, lakini mpaka uko kwenye longitudo 36, hivyo Dodoma iko kanda ya 36, sawa na Mwanza. Ofisi ya Dar inayochora majengo ya Dodoma kwa mazoea ya Dar inajitafutia balaa. La pili, vipimo vimesimama juu ya msingi gani, Arc 1960 au WGS 84? Ramani nyingi za upimaji za Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, wakati simu yako na picha za Google Earth zinatumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ardhini ni karibu mita 300. Nimeona jengo likitua katikati ya barabara kwenye picha ya setilaiti, na lawama zote akatupiwa mpima ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kiolezo kizuri kinaonekana pia siku mkadiriaji majenzi anapoomba vipimo. Tunaambiwa BIM, yaani kuchora jengo kama modeli yenye taarifa za kila kitu kilichomo, inatoa idadi ya vifaa yenyewe. Inatoa, kama ulichora jinsi kitu kinavyojengwa. Nguzo ya zege ikipita ndani ya ukuta na hujaviunganisha, utahesabu zege na tofali mahali pamoja. Boriti ikizama ndani ya slebu, hali ni hiyohiyo. Archicad tangu toleo la 17 la mwaka 2013 inaipa kila malighafi namba ya nguvu, yenye namba kubwa inaikata yenye ndogo, na ukizipanga mara moja ndani ya kiolezo jambo hili linajiendesha. Revit inahitaji uangalifu zaidi wa kuunganisha vitu kimoja kimoja, au skripti ya Dynamo, kifaa cha Revit cha kujiendeshea kazi, ya kukusaidia. Kwa vyovyote vile, kabla hujatuma jedwali, chukua ukuta mmoja, pima eneo lake kwa mkono, zidisha kwa tofali 9 au 10 kwa kila mita ya mraba, linganisha na jedwali. Zikipishana sana, usitume. Wakadiriaji wetu wameshaumwa na nyoka mara nyingi, ndiyo maana wengi bado wanachapisha PDF na kupima upya kwa rula. Siwalaumu.

Kiolezo cha namna hii, chenye kuta zako, milango yako, mabati yako, lenta zako, jedwali lenye lugha ya mkadiriaji wako, ni mtaji. Kinachukua miezi kukijenga na hakikatwi dola. Ukihama programu utaandika upya mipangilio, lakini maamuzi yaliyo ndani yake unahama nayo. Hivyo yaandikwe pia pembeni, kwenye lahajedwali la kawaida, kwa maneno ya kawaida.

Sasa modeli yenyewe. Kuna mfumo wa faili wa wazi uitwao IFC, unaosimamiwa na shirika la buildingSMART, ambao hauna mwenye nyumba. Ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, na toleo lake la 4.3, lililoongeza barabara, reli, madaraja na bandari, lilipitishwa kuwa ISO mwaka 2024. Kwa majengo ya kawaida wengi bado wanabadilishana toleo la 2x3 au 4, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Muhimu ni kukubaliana na injinia wako mapema mnatumia lipi.

Tatizo ni kwamba wabunifu wengi huitoa IFC siku ya mwisho, mradi umeisha, kwa sababu mteja kaiomba. Wanabofya, faili linatoka, wanatuma. Hakuna aliyelifungua. Ndani yake nusu ya jengo imetoka kama vitu visivyo na jina. Kitu ulichochora ndani ya Revit kama Generic Model kwa kawaida hutoka kama IfcBuildingElementProxy, maana yake ni "kitu fulani cha jengo, sijui nini". Ukichora kibaraza, ngazi na tangi la maji kwa njia hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi, umempa mwenzako fumbo. Toa IFC kila mwezi tangu wiki za mwanzo, ifungue kwenye kitazamio cha bure kama BIMvision au Solibri Anywhere, na ubofye vitu kumi bila mpangilio. Ukuta ujitambulishe kuwa ukuta, ghorofa ziwe na majina yanayoeleweka, vyumba viwepo. Kasoro ya mwezi wa kwanza inarekebishwa wakati wa chai. Ya mwezi wa kumi hairekebishwi, watu wanaizoea.

Kuhusu matoleo mapya, nitakuwa mkali kidogo. Kila Aprili Revit mpya inatoka, na siku hiyohiyo kuna kijana ofisini ameshaipakua. Faili la Revit likihifadhiwa kwenye toleo jipya halirudi nyuma. Akilifungua la mradi na kulihifadhi, injinia wa vyuma mwenye toleo la mwaka jana amefungiwa nje, na mnaanza kutafutana. Archicad ina huruma kidogo, inaweza kuhifadhi kwa toleo moja la nyuma. Mradi ukianza, toleo lifungwe kwa maandishi na libaki hilo hadi hatua kubwa iishe. Pia si kila toleo jipya ni la kupuuza: Revit 2024 ilileta Toposolid, ardhi unayoweza kuichimba na kuikata kama slebu, na kwa yeyote anayejenga kwenye mteremko wa Moshi au Kampala hiyo ilikuwa sababu ya kutosha ya kuhama. Lakini Revit 2025 ilihamia kwenye msingi mpya wa programu, .NET 8, na programu-jalizi nyingi za zamani zikagoma mpaka ziandikwe upya. Ofisi iliyokuwa imejenga mazoea yake juu ya programu-jalizi moja ya bure ambayo mwandishi wake aliiacha, iliumia.

Upande wa pili wa matoleo hausemwi sana. Mwenye leseni ya Autodesk kwa kawaida hupewa toleo la sasa na matatu ya nyuma. Mradi uliouchora kwenye Revit ya mwaka 2016 utaufungua leo kwa kuupandisha toleo tu, na ukishaupandisha hakikisha mwenyewe kwamba hakuna kilichovunjika. Hapo ndipo utafurahi kama kwenye kabati la mradi kuna IFC na PDF za siku ile.

Intaneti na umeme navyo vina kura katika uchaguzi wa programu, ingawa wauzaji hawavitaji. Kazi ya pamoja ya Revit ilibuniwa kwa mtandao wa ndani ya ofisi moja; mkitaka kuchora pamoja mkiwa Dar na Arusha mtaongezewa malipo ya huduma ya wingu, na mtahitaji laini inayotulia. Archicad, tangu toleo la 13 la mwaka 2009, inatuma mabadiliko tu badala ya faili zima, na kwenye intaneti yetu tofauti hiyo inaonekana. Hii peke yake ingetosha kuamua kwa ofisi yenye watu mikoa miwili. Kwa anayebaki na Revit, kila mtu atengeneze nakala mpya ya ndani asubuhi, watu wasisawazishe wote (yaani kupeleka mabadiliko yao kwenye faili kuu) saa kumi na moja jioni, na seva iwe na UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kusawazisha faili la megabaiti 600, hiyo UPS itaonekana ilikuwa rahisi.

Nisipozungumzia programu za kukraki nitakuwa mnafiki, maana zipo kila mahali na kila mtu anajua kila mtu anazo. Sitatoa hotuba. Nitasema tu kwamba anayechora kwa programu ya wizi hawezi kutuma faili la asili kwa mshirika wa nje bila wasiwasi, na anabaki kwenye toleo la siku alilolipata. Zipo njia za kati. Revit LT ni nafuu, ingawa haina kazi ya pamoja. Tokeni za Flex za Autodesk zinakuwezesha kulipia siku unazotumia tu, na kwa mtu anayefungua Navisworks, programu yao ya kukagulia modeli zilizounganishwa, mara mbili kwa mwezi hesabu inakubali.

Na zipo za bure kabisa. FreeCAD ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024, ikiwa na sehemu ya BIM iliyojengewa ndani na inayoifahamu IFC. Bonsai, iliyokuwa ikiitwa BlenderBIM, inakaa juu ya Blender, programu ya bure ya kuchora kwa pande tatu, na kuhariri IFC moja kwa moja, bila kuitafsiri kwenda mfumo mwingine. Je, ningemshauri mwenye ofisi ahamishie kazi zote huko Jumatatu? Hapana. Seti kamili ya michoro ya kibali, yenye tarehe ya mwisho na mteja anayepiga simu, bado inatoka kwa jasho jingi. Lakini ningetaka angalau mtu mmoja kwenye kila ofisi aijue Bonsai, kwa sababu IFC mbovu ya jirani inaweza kukaguliwa na kurekebishwa humo bila kulipa senti, na wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu Ardhi wanaweza kujifunza jinsi modeli ilivyo ndani, tofauti na kujua vitufe vya kampuni moja. Leseni ya mwanafunzi ni tamu, lakini ina siku ya kuhitimu.

Habari za akili unde nazipita haraka. Vifaa vya hatua za mwanzo kama Autodesk Forma, iliyotokana na Spacemaker ya Norwei, vinasaidia kulinganisha upepo na kelele kwenye kiwanja kikubwa. Picha za kuvutia zinazotengenezwa kwa maandishi zinamfurahisha mteja. Havijagusa bado kero ya tofali la nchi sita.

Uingereza iliagiza BIM kwa miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016, na utaratibu wake ukawa msingi wa ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za mradi, ambayo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018. Ukisoma kiwango hicho kwa ofisi ya watu wanne utazimia. Ndani yake, hata hivyo, kuna kitu kinachotufaa hata kwenye jengo la ghorofa tatu Mbezi: kabla ya kuchora, wahusika waandike nani anatoa taarifa gani, lini, kwa mfumo gani wa faili. Ukurasa mmoja unatosha. Toleo la programu, toleo la IFC, kanda ya koordineti, jina la faili, siku ya kubadilishana.

Kwenye ukurasa huohuo weka kipengele kimoja zaidi, cha umiliki wa modeli. Wateja wameanza kudai faili la asili kana kwamba ni nakala ya mchoro. Ndani ya faili hilo kuna kiolezo chako chote, milango yako, jedwali zako, miezi yako. Mkataba useme wazi kwamba ada ya usanifu inampa mteja PDF zilizogongwa muhuri na IFC iliyokaguliwa, na kwamba faili la asili, akilitaka, lina bei yake, linatolewa likiwa limesafishwa, na halibebi dhamana yako pindi mtu mwingine akilihariri.